Ua la Noeli Halitaki Kugeuzwa

Siku yangu ya kwanza katika nyumba ya wageni pale Tabora mjini, Mama Msimamizi alinikabidhi jembe, ndoo na onyo. "Baba Kulwa, nasikia wewe hukai mahali. Hapa utakaa?" Nikamjibu kwamba itategemea kama kuna cha kujifunza. Hakucheka.

Hakudanganywa. Shule niliacha darasa la tano. Sikonge nilichochea moto wa bani, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku, mpaka Bwana Nyapara akanichoka: "Tumbaku haitaki maswali yako, inataka kuni." Kigwa nilifyeka majani kando ya reli. Kila mahali niliondoka kabla sijafukuzwa. Tabora nilibaki kwa sababu ya chungu kimoja chenye ua, pale sebuleni.

Wenyewe waliliita ua la Noeli. Ni jamii ya kaktasi, ila halina miiba mirefu; matawi yake ni vipande bapa vilivyoungana kama mkia wa nge. Walionitangulia walisikia kaktasi wakalinyima maji na kulianika juani, likanyauka. Mgeni mmoja akaniambia asili yake ni msituni, juu ya magome ya miti. Basi nikalihamishia kwenye udongo mwepesi: mboji ya majani ya miombo, mchanga wa mto, na vipande vya mkaa ili maji yasituame. Kabla ya kumwagilia nilichomeka kidole. Udongo wa juu ukiwa mbichi, niliacha.

Likanenepa, lakini maua hakuna. Ilinichukua miaka miwili kugundua kwamba adui ni balbu ya sebuleni. Ua hili hutunga vitumba, yaani maua ambayo hayajafunguka, likipata baridi na giza refu. Kuanzia Mei, jua lilipozama nililifunika kwa boksi, nikalifunua asubuhi. Julai likachanua.

"Noeli gani hii ya kipupwe?" Mama Msimamizi aliuliza.

"Linafuata baridi, Mama. Sherehe halizijui."

Mwaka uliofuata akaniita. Mimi nilikuwa bado kibarua wa kutwa. "Julai tuna wageni wakubwa. Wakilikuta limechanua, nakuandikia barua ya ajira." Kwa mara ya kwanza maishani nilitaka kubaki mahali.

Sasa, vitumba vikishatokea, chungu hakisogezwi. Vimezoea mwanga wa upande mmoja, ukikigeuza, vinapukutika. Nilimweleza Mama mara mbili, nikachora na alama ya chaki sakafuni. Vitumba vikajaa kila ncha, vyote vikitazama dirisha.

Wiki moja kabla ya wageni nikakuta chungu kimegeuzwa, vitumba vinatazama viti.

"Mama, nani kakigeuza?"

"Mimi. Mgeni hapewi mgongo, Baba Kulwa. Hata na ua."

Nilikirudisha, ikawa nimekisumbua mara ya pili. Siku wageni walipoingia, vitumba vilikuwa sakafuni kama maharage yaliyomwagika, nami nina ufagio mkononi. Mama akawaambia, "Mtunza bustani wetu alizidisha maji. Bado anajifunza." Wote wakanitazama. Jibu nilikuwa nalo. Nikasema, "Samahanini."

Barua sikuiona. Nilikaa miaka tisa zaidi nikingoja aone aibu. Kila kipupwe nililinda chungu kisigeuzwe, ua likachanua, na kila kipupwe wageni walimpongeza yeye.

Vijana mnaniuliza nilistaafu lini. Kibarua hastaafu. Magoti yalipokataa, niliambiwa Jumatatu nisije. Ijumaa ile nilimfundisha mama aliyechukua nafasi yangu: udongo, maji, giza. Vitumba vilikuwa vimeanza kutokeza.

"Asante sana, mzee," akasema. "Kuna lingine?"

Nikasema hakuna. Wageni walipofika mwezi ule, nasikia chungu kiligeuzwa, vitumba vikapukutika, na aliyelaumiwa ni yule niliyemfundisha.