Radi Ndani ya Theluji

Mimi nina mdomo, sikatai. Mama yangu aliniambia tangu utotoni kwamba siku moja utaniponza, na uliponiponza ilikuwa Durban, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nikifanya kazi kwenye duka la kupigia simu katikati ya mji, na mume wangu alikuwa Kanada.

Alitangulia yeye. Karatasi zangu zingefuata, ndivyo tulivyosema, nami nikabaki na chumba chetu cha Berea, kitanda kimoja na vikombe viwili. Kila Jumapili nikitoka kanisani nilishuka mjini mbio, navuka hata roboti, taa ya barabarani, ikiwa nyekundu, nisikose simu yake ya saa tisa alasiri. Kwake ilikuwa saa mbili asubuhi. Alipiga dukani kwetu, kwenye kibanda namba nne, na wateja walijua kwamba saa hiyo kibanda hicho ni changu. Wiki nzima niliishi kwa ajili ya dakika zile kumi. Sitajifanya: nilikuwa mpweke mpaka nikawa naongea na sufuria.

Na alijua kusimulia, huyo mwanaume. Hata habari ya kwenda kununua viazi angeisimulia ukacheka mpaka ukae chini. Chumvi alitia, ndiyo, lakini hakuwahi kunidanganya. Nilikubali kuolewa naye kwa sababu ya hadithi zake.

Jumapili moja hakupiga. Nilikaa kibandani hadi duka likafungwa. Wanawake wa saluni ya pembeni, Wakongomani wenzangu, walinitazama kwa huruma iliyoniudhi kuliko matusi. "Dada, Kanada nako wanawake iko," mmoja akasema, akiendelea kusuka. Neno lile lilinikaa rohoni wiki nzima.

Jumapili iliyofuata akapiga.

"Mama, utashangaa," akaanza, kwa sauti yake ile ya kusimulia. "Jumapili ile nilitoka kwenda kwenye simu ya barabarani. Theluji inaanguka, mbele hauoni kitu. Mara mbingu yote ikawaka, na radi ikapiga. Radi, ndani ya theluji. Madirisha ya nyumba yakatetemeka. Nilirudi ndani nikakaa sakafuni, sikuthubutu kutoka tena."

Kwetu Kivu radi huja na mvua. Ikipiga bila mvua, watu wanauliza ni nani ameituma. Nami nikauliza hivyo hivyo, saluni nzima ikisikia: "Nani amekutumia hiyo radi? Huyo mwanamke uliyelala kwake?"

Akasema, "Mama, ninakuambia kweli."

Nikamjibu kwamba uongo wa namna hiyo akawaambie watoto, nikakata simu. Wanawake wa saluni walicheka, na kwa muda mfupi nilijiona nimeshinda.

Siku mbili baadaye aliingia mteja wetu mmoja, Mkenya aliyekuwa akisoma jiografia chuo kikuu. Alikuwa akisubiri laini ya Nairobi. Nikamuuliza, nikitumaini tutacheka pamoja, kama radi inaweza kupiga theluji ikianguka.

"Inaweza, dada. Ni nadra tu."

Akachukua kipande cha karatasi, akachora wingu. Alisema hata radi yetu ya Durban, ile ya msimu wa joto, huzaliwa kwenye barafu. Juu kabisa ya wingu, chembe za barafu na punje laini za mvua ya mawe hugongana na kusuguana, kama sweta la sufu unapolivua likatoa cheche. Umeme wa aina moja hupanda, wa aina nyingine hubaki chini, mpaka wingu linashindwa kuvumilia. Mawingu ya theluji kwa kawaida yametulia, hewa yake haipandi kwa nguvu. Lakini hewa yenye unyevu na joto kidogo ikisukumwa juu ghafla, wingu linachafuka, na radi inapiga hukohuko kwenye theluji.

"Ila wanaoisikia ni wachache," akaongeza. "Theluji inameza sauti. Ukiwa mbali kidogo, unaona mwanga tu, basi. Mtu akisikia mpaka madirisha yakatetemeka, ujue imepiga karibu naye sana."

Nilikaa chini. Kumbe alikuwa akinieleza alivyoponea chupuchupu, na katika nchi ile nzima hakuwa na mtu wa kumwambia. Alisubiri wiki nzima aniambie mimi. Aibu ilinishika hata nikasahau kumuunganishia mteja wangu laini yake.

Jumapili hiyo nilifika kibandani saa nane. Simu ililia kwa wakati wake, na sikumpa hata nafasi ya kusalimia.

"Papa, nisamehe. Ile radi, ninakuamini. Nisimulie tena, yote."



"Aa, ile?" akasema taratibu. "Wacha, mama. Nilikuwa ninatania. Hakukuwa na radi."

Nikamwambia nimeelezwa, ninajua ni kweli. Akasema haya, na huko mvua iko? Nikasema iko. Akasema kwake ni baridi tu.

Jumapili zote zilizofuata nilimuuliza habari za huko, naye akanijibu vilevile: baridi tu. Kusema hakukuwa na radi ulikuwa uongo wa kwanza mume wangu kuniambia, na aliyemfundisha ni mimi.