Niliamuru Kitabu Kionyeshe Hata vya Siri

Ndugu zangu, kosa ni langu. Vita sivisingizii.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa mjini Baraka, kando ya ziwa. Nilifundisha hesabu miaka mingi, na uzeeni Mungu akanijalia kujifunza kuandika programu za kompyuta. Vita viliporudi milimani, nilitengeneza programu ya kuwasaidia watu kuwapata jamaa zao.

Humo kila mkimbizi alikuwa na sehemu za wazi, kama kijiji alichotoka, na sehemu zilizofichwa, kama mahali anapolala. Kando ya kila sehemu niliandika maelezo mafupi ya kunikumbusha. Kwenye sehemu ya maficho nilihitaji mfano. Badala ya kubuni, niliandika wa kweli: Mama Neema, mjane wa Minembwe, yuko kijiji cha Lweba, nyumba iliyo nyuma ya kisima. Waliomuua mumewe walikuwa bado wanamtafuta. Aibu gani hii!

Kuna chombo cha kompyuta kinachokusanya maelezo hayo na kuyafanya kitabu. Ukikiacha kilivyo, huonyesha sehemu za wazi tu. Kitabu changu kikatoka na kurasa nne. Nikaona wageni wa kamati ya misaada, waliokuwa wakija kuiona kazi yangu, watanidharau. Nikabadilisha mpangilio, nikaamuru kionyeshe zote, hata zilizofichwa. Kurasa kumi na saba! Nikachapisha nakala, nikazigawa kwa tabasamu.

Siku chache baadaye Mama Neema aliingia ofisini na karatasi yenye mafuta. Ilikuwa ukurasa wa kitabu changu; sokoni alikuwa amefungiwa humo ndagala, wale dagaa wa ziwani.

"Baba muzee, ni weye uliandika hii?"

Nilikubali.

"Nilikuambia we peke yako. Leo muuza samaki ndiye ananisomea fasi niko nalala."

Nilipiga magoti. Akaniinua, akasema amenisamehe, lakini Lweba hawezi kulala tena. Nikamwuliza ataenda wapi.

"Hapana, Baba. Ile sikuambii tena."

Akaondoka kwa mtumbwi mchana uleule na watoto wake watatu. Juma hilohilo wenye silaha walifika nyuma ya kisima, wakakuta nyumba tupu. Namshukuru Mungu kila asubuhi kwa utupu ule.

Mwezi uliopita kaka yake alishuka kutoka Minembwe kwa miguu, akaniomba nimtafutie dada yake kwenye programu. Programu ilijua Lweba tu, na Lweba hayupo tena. Jamani, nililia mbele ya mgeni!

Ninyi mnaoandika programu, kilichofichwa kiacheni kifichwe, na mfano wenu uwe wa mtu asiyekuwepo. Kisha kabla ya kugawa, someni kila ukurasa kwa macho ya yule anayewinda.