Mwalo wa Mwisho

Harufu ya turubai jipya likipigwa na jua hunikimbiza hadi leo. Nikikuta watu wanasimamisha hema la harusi au la mkutano wa injili, navuka barabara, kisha nabaki nikijiuliza kama walioniona wamenielewa vibaya. Nina shahada, nina miaka ishirini na minne, na bado naogopa hema. Lile la kwanza lilisimamishwa kwenye uwanja wa shule yetu mjini Geita, wakati wa kiangazi, malori ya pamba yakipita na kuacha nyuzi nyeupe kwenye michongoma ya barabarani. Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu Masanja, aliyetufundisha Kiswahili, alitangaza mstarini kwamba waandishi wa nchi nyingi watakuja kusomeana kazi zao kwa siku mbili, kila mmoja kwa lugha ya kwao, na kwamba shule imeombwa wazee wa kusimulia ngano kwa lugha za hapa, kila mzee na mjukuu wake wa kumtafsiria. Bibi na babu wa Kisukuma walipatikana asubuhi hiyohiyo. Wa Kizinza hakupatikana. Mwalimu akaanza kupitisha macho kwenye mistari, na mimi nikainamia viatu vyangu, jambo ambalo nadhani ndilo lililomfanya anione.

Mama yangu ni Msukuma wa Kishapu. Kizinza nilikipata kwa mama yake baba, niliyekaa naye Nkome, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, mpaka nilipofikia umri wa kuanza shule. Baba aliitwa Faustine. Alichimba dhahabu kwenye maduara, kama wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao, na kidole cha mwisho cha mkono wake wa kushoto kilibaki kwenye duara moja. Nilipokuwa na miaka sita alisikia habari za dhahabu ya Kongo, akapitia Kigoma, akavuka. Hakurudi na hakutuma neno. Shuleni sikuwahi kulisema hilo. Rafiki yangu Kabula baba yake aliendesha gari kubwa mgodini, na siku aliponiuliza wangu anafanya nini, nikasema anaendesha kama la baba yako, ila zamu yake ni ndefu. Zamu hiyo ilikuwa imefikisha mwaka wa tano. Kila jioni nilipanga majibu ya maswali ambayo Kabula angeweza kuniuliza kesho, na kwa sababu hakuyauliza, niliamini ananichunguza kimyakimya.

Nilitegemea Bibi atakataa kuja. Alikuwa mtu wa kukataa mambo, hata soda alikataa kwanza ndipo anywe. Lakini Mwalimu Masanja alipomfuata Nkome, akamkuta mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapopakua samaki, akianua dagaa, Bibi, asiyejua Kiswahili, alimuuliza kwa Kisukuma swali moja tu: katika wageni hao, wa Kongo atakuwepo? Mwalimu akasema yupo. Bibi akajifunga kanga akasema atakuja. Ningepaswa kuelewa palepale. Kule ziwani mtumbwi usiporudi, ndugu hawaanzi kulia. Huzunguka mialo yote, mmoja baada ya mwingine, wakiuliza kama mtu wao ameonekana, na wakishajibiwa kwenye mwalo wa mwisho ndipo wananyoa nywele na kuketi matanga. Bibi alikuwa hajamnyolea Faustine. Mama naye hakuwa mjane wala mke. Alinunua dagaa Nkome, akauza Geita, na wanaume waliomtania sokoni aliwajibu kwamba ana mume safarini.

Siku mbili kabla ya tamasha Bibi alinisimulia ngano ya sungura aliyekopa mkia kwa fisi. Niliiandika yote kwa Kiswahili, kurasa nne za daftari, nikaisoma mbele ya kioo mpaka mama akanitania kwamba hata sungura mwenyewe sasa anaijua. Niliogopa kukosea neno. Kwamba Bibi angeweza kusema kitu kingine hakikunijia akilini, mimi ambaye kila kitu kilinijia akilini.

Siku ya kwanza hema lilijaa. Nyuma kulikuwa na kibanda cha mbao ambamo wakalimani wawili waliyapokea maneno ya Kiswahili na kuyapeleka kwa Kiingereza na Kifaransa kwenye vipokea sauti vya wageni. Kwa hiyo chochote cha Bibi kilipaswa kupita kwanza kinywani mwangu. Darasa letu liliketi chini, mbele kabisa, Kabula katikati. Tulipanda jukwaani nikimshika mkono Bibi, maana macho yake yalishaingia mtoto wa jicho na watu aliwaona kama vivuli. Kisha akaanza, kwa Kizinza, polepole, kama mtu anayepiga hodi:

"Nyie wa nchi za mbali, mimi ni mama yake Faustine. Mwanangu alikwenda Kongo. Hana kidole cha mwisho, mkono wa kushoto. Nani kamwona?"

Akanyamaza ili nitafsiri. Nilimtazama Kabula. Alikuwa ameinua uso, mdomo wazi kidogo, akisubiri hadithi. Nikafungua daftari nikasoma: "Hapo kale sungura hakuwa na mkia." Bibi akaendelea. Akasema nguo aliyoondoka nayo, akasema majina ya wenzake aliovuka nao, akalitaja tena jina la Kongo. Na mimi nikasoma, ukurasa kwa ukurasa, sauti ikitetemeka mahali ambapo wageni walidhani ni ufundi wa kuigiza. Fisi alipoudai mkia wake hema zima lilicheka. Tulipomaliza walisimama wakapiga makofi. Bibi aligeuza uso huku na huku, akitafuta jibu ndani ya makofi yale.

Mtu mmoja alitufuata tukiteremka. Alikuwa mrefu, kofia ya kijani, mwandishi kutoka Kongo aliyekuwa amejitambulisha asubuhi kwamba miaka mingi alifundisha watoto wa wachimbaji ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alinisalimu kwa Kiswahili chao, akachuchumaa tulingane. "Mtoto, mama huyu ametaja Kongo mara mbili," alisema. "Katika hadithi yako Kongo iko wapi?" Nikamwambia ndilo jina la msitu wa fisi. Alinitazama kwa muda, akamtazama Bibi, akampa mkono kwa heshima zote, akaenda.

Tulikaa chini ya ukuta wa darasa kula wali. Bibi hakula.

"Walikuwa wanacheka nini?" aliniuliza.

Nikasema wamefurahi. Akaiweka sahani chini. "Wamefurahi mwanangu kupotea?"

Nilianza kulia kabla sijajibu, na nikamwambia kila kitu, zamu ndefu, gari kubwa, Kabula. Nilisubiri kofi. Bibi alifuta vidole vyake kimoja kimoja kwenye kanga, akasema baba yangu si wa kumficha kama chungu kilichopasuka, na kwamba kesho nitapanda tena na nitasema alichosema. Mwalimu Masanja, nilipomweleza, hakunichapa, aliichukua ratiba ya siku ya pili na kufuta jina la juu. Kisha akatupangia nafasi ya kwanza.

Siku ya pili sikubeba daftari. Bibi alirudia maneno yake na mimi niliyasema yote, pamoja na kidole, huku nikitazama mlingoti wa hema ili nisimwone Kabula. Hapakuwa na makofi. Mama mmoja aliyeongoza shughuli akasimama, akasema swali likiulizwa hujibiwa, akawaomba wageni wamjibu mama huyu mmoja mmoja. Wakasimama. Wa Uganda akajibu kwa Kiganda, wa Rwanda kwa Kinyarwanda, wa Burundi, wa Zambia. Hata wa Ethiopia, ambako baba hakuwa na sababu ya kwenda, alisimama akaweka mkono kifuani na kusema kwa lugha yake kwamba hajamwona. Kila sauti ilipotua Bibi aliitikia kwa kichwa, kama wanavyofanya wanaozunguka mialo. Hakuhitaji kutafsiriwa. Kiti kimoja cha mstari wa pili kilikuwa kitupu, juu yake karatasi ya ratiba tu. Mwenye kofia ya kijani alikuwa ameondoka na basi la alfajiri kuelekea Kigoma.

Sauti zilipoisha, Bibi aliniinamia. "Na wa Kongo?"

Nimekuwa nikiirudia dakika hiyo kwa miaka kumi na mitatu na kila mara naipata sababu mpya. Nilikuwa nimechoka. Ujasiri wangu wote ulikuwa umeshatumika. Nilijua kwamba kama angejua mtu huyo alikuwepo jana, amempa mkono, na mimi nikampoteza kwa ajili ya sungura, asingenitazama tena. Nikamnong'oneza kwa Kizinza: "Amejibu, Bibi. Hajaonekana."

Akashusha pumzi ndefu, akaniambia twende nyumbani.

Wiki hiyohiyo alinyoa. Matanga yakakaliwa Nkome, watu wakaja na mitumbwi, jina la baba likasomwa kanisani kati ya marehemu. Kabula alikuja na mama yake, hakuniuliza chochote, akaniachia dawati lake la dirishani kwa muhula mzima. Mwaka uliofuata mama aliolewa tena, na ndugu zangu wawili waliozaliwa baadaye ni watoto wazuri ambao wasingekuwepo kama ningesema ukweli. Hili nalo nimelipima kila upande. Chuoni nilisoma lugha, na walimu walinisifu kwamba siruki neno. Hawakujua nililipa nini kuipata sifa hiyo.

Mwaka huu tamasha linarudi Geita, nami, nikiwa bado nasubiri kazi, nimejitolea kuwa mkalimani. Siku hizi wageni watakuwa na simu zinazotafsiri kabla msemaji hajafunga mdomo, na swali lililohitaji hema, kibanda na vinywa vitatu linaweza kuvuka ziwa kwa kidole gumba kimoja. Walitutumia orodha ya walioalikwa. Jina la yule mwenye kofia ya kijani lipo, na namba yake ya simu. Kwa siku tisa niliandika ujumbe nikafuta. Siku ya kumi nilipanda basi kwenda Nkome, kwa kuwa mara mbili nilikwisha kuamua kwa niaba ya Bibi na sikutaka iwe mara ya tatu.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, akichambua dagaa kwa mikono tu, maana haoni tena kabisa. Nilimwambia kuhusu kiti kitupu. Mikono yake ilisimama.

"Kwa hiyo mwalo mmoja ulibaki," alisema.

Nikamuuliza kama tumuache mama yangu na amani yake. Akasema mama yangu ni mtu mzima, ataambiwa leo, kabla ya kitu chochote, na akaniamuru nimpigie. Waliongea muda mrefu, mimi nikiwa nimekaa mbali kwenye ukingo wa maji. Bibi aliponiita alinirudishia simu ikiwa na joto. "Mama yako kasema uliza. Sasa andika. Maneno yangu, siyo ya sungura."

Niliandika kwa Kizinza kwanza, chini yake Kiswahili, nikimsomea kila sentensi naye akisahihisha. Jina. Kongo. Kidole cha mwisho, mkono wa kushoto. Nani kamwona. Nikabonyeza kabla sijafikiri.

"Amesikia?" Bibi akauliza.

Niliitazama simu. Kulikuwa na alama moja tu ya tiki, ya kijivu.

"Bado, Bibi," nikamwambia. "Bado hajasikia."