Bi Dishi Afungua Madishi Aliyoyafunga kwa Sikio la Mumewe

Saa tatu asubuhi yuko juu ya bati, amepiga magoti, spana mkononi. Kamba imemzunguka kiunoni na ncha yake imefungwa kwenye nguzo ya tangi la maji. Nati ya kwanza imeshika kutu. Anaitilia matone mawili ya mafuta, anasubiri, anaijaribu tena.

“Hii niliikaza mwenyewe miaka mitatu iliyopita,” anasema. “Ningejua nitakuja kuifungua, ningeikaza kizembe.”

Chini uani, mwenye nyumba amesimama mikono kiunoni, anatazama juu.

“Fundi, usiniachie matundu. Mvua isije ikanidondokea usingizini.”

“Nitayaziba, dada.”

“Na hilo dishi ondoka nalo, sitaki kuliona. Kila mwezi nalipia, kila mwaka wanapandisha bei, na wingu likipita kidogo tu picha inakatika. Watoto wenyewe hawaangalii, kila mmoja na simu yake. Nimeweka wifi, yamekwisha.”

“Wewe umeweka. Mimi nimeolewa nikamkuta,” fundi anajibu kutoka juu. “Na wa kwangu hakatiki hata kukiwa na mawingu.”

Mwenye nyumba anacheka mpaka anashika ukuta. Fundi hacheki. Nati imelegea, na dishi linamwangukia begani.

Mtaani wanamwita Bi Dishi. Ana umri wa miaka arobaini na mmoja, na kwa miaka kumi na minane amekula kwa kazi hii. Zamani jina hilo lilikuwa sifa. Siku hizi wapo wanaolitamka huku wakitabasamu upande mmoja wa mdomo, maana mwezi uliopita alifunga dishi moja tu, la mzee asiyetaka kusikia habari za intaneti, na akafungua kumi na tisa.

Kufunga dishi kulimpa pesa ya kununulia kilo sita za mchele. Kufungua kunampa pesa ya kilo mbili, na dishi lenyewe, ambalo huliuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mengine hununuliwa na wafugaji wa kuku, wakayageuza paa la banda.

“Kufunga dishi ni kama kumtafutia mtu mchumba,” anasema akizungusha kamba mkononi. “Ukikosea hata kwa upana wa unyoya mmoja, hakuna ndoa. Kufungua ni talaka. Talaka haitaki ufundi, spana inatosha.”

Anaziba matundu manne kwa lami, anashuka, anapokea malipo yake bila kuyahesabu. Kisha, badala ya kwenda kwa mnunuzi wa vyuma, anakata kona na kuingia uchochoro ulio nyuma ya duka la fundi cherehani.

Kwenye ukuta wa nyuma wa duka hilo kuna dishi moja kuukuu, ukingo wake umepinda. Halijaunganishwa na televisheni yoyote. Bi Dishi analegeza nati zake, analigeuza litazame pasipo na kitu. Anatoa kidude cha kupimia mawimbi, kile kinacholia kila dishi linapokaribia mahali pake. Simu inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Anapiga namba moja.

“Nipo kwa mteja,” anasema.

“Wapi huko?” Ni sauti ya mwanamume, nzito, inayokwaruza.

“Mtaa wa juu, karibu na shule.”

“Bati au ukuta?”

“Ukuta.”

“Haya, nisikilizishe.”

Anasogeza dishi. Kidude kinaanza kunung'unika.

“Kushoto. Kidogo. Mama wewe, nimesema kidogo. Umesogeza dishi au umehamisha nyumba?”

“Mkono umeteleza.”

“Rudi. Unyoya. Unyoya mwingine. Sasa liinue uso. Hapo, usipumue.” Mlio unapanda kama birika linalochemka. “Kaza. Anza na nati ya chini. Mteja anapata picha?”

“Anapata. Anakushukuru.”

“Mwambie karibu tena.”

Ndani ya duka cherehani inakimbia. Bi Dishi anakata simu na kukaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Hakuna mteja. Anafanya hivi mara mbili au tatu kwa wiki, na huu ni mwezi wa tano.

“Mwanzoni nilidhani ameanza kuchanganyikiwa,” anasema fundi cherehani, aliyempa ukuta huo bure. “Siku moja nikasikia anavyozungumza na huyo mumewe. Nikarudi kwenye kitambaa changu. Mambo ya mtu na mumewe hayapimwi kwa futi.”

Mumewe huyo, mtaa ulimpa jina la Sikio. Kabla mafundi wengine hawajajua kidude kile ni nini, yeye alikuwa akikitumia gizani, mvuani, bila kukiangalia, kwa mlio tu. Wenzake walikuwa wakishindana naye na kushindwa.

Kabla ya kupata kidude, walifanya kazi wawili. Mume juu ya paa, mke ndani mbele ya televisheni, dirisha wazi, akipiga kelele: bado, bado, inakuja, imepotea. “Mimi nilikuwa macho, yeye mikono,” anasema. “Sauti yangu hii iliharibikia majumbani mwa watu. Hata alipopata kidude akaendelea kunichukua. Alisema dishi bila kelele zangu halikai sawa.”

Miaka minne iliyopita, asubuhi moja ya manyunyu, mteja aliwaharakisha kwa sababu ya mpira. Bati lilikuwa na ukungu wa kijani. Bi Dishi alikuwa ndani, amekazia macho kioo. Picha ikaja, safi, akapiga kelele kwamba imekuja. Hakujibiwa. Alipotoka nje alimkuta mumewe amelala juu ya mawe ya bustani, macho wazi, anamtazama.

Wiki tisa hospitalini. Uti wa mgongo ulikuwa umevunjika, na tangu siku hiyo hana habari na chochote kilicho chini ya kiuno chake.

Wiki ya tano baada ya kurudi nyumbani, unga ulipokwisha, mke alivaa suruali ya mumewe na kupanda paa kwa mara ya kwanza. Simu ilikuwa shingoni.

“Nilitetemeka mpaka bati likawa linalia,” anakumbuka. “Yeye ndiye aliyenishusha kwa maneno. Weka mguu hapa, sasa ule mwingine. Hakuwa ananiona, lakini alijua niko wapi.”

Kwa njia hiyo, kwa hesabu ya Bi Dishi, Sikio alifunga madishi zaidi ya mia tatu akiwa kitandani.

Halafu wateja wakaanza kuhama. Bi Dishi hawalaumu. Ada ya king'amuzi inapanda, na mwenye simu anaweza kuangalia anachotaka, saa anayotaka, akanunua bando la siku mbili akaacha. “Ningekuwa na pesa ningehama pia,” anasema. Nyumbani kwake mwenyewe kifurushi cha kulipia kilikatika miezi miwili iliyopita. Zimebaki chaneli za bure, na mumewe hajalalamika.

Wiki tatu zilizopita kampuni moja ya intaneti ilimtafuta. Wanahitaji mtu asiyeogopa ngazi na anayefunguliwa mlango katika kila nyumba. Wanatoa mshahara wa mwezi, na bima ya matibabu kwa mfanyakazi na mwenzi wake. Mume ana kidonda cha mgongo kilichotokana na kulala, na dawa zake zinakula zaidi ya nusu ya anachopata mke. Karatasi ya mkataba imo ndani ya mkoba wa Bi Dishi, imekunjwa mara nne. Jibu linatakiwa Ijumaa.

“Kazi yao nimekwenda kuiona,” anasema. “Unavuta waya, unachomeka, taa ya kijani inawaka. Sasa taa inataka sikio la nani? Yule mtu nimpigie nimwambie nini, imewaka? Nikimwambia kazi imekwisha, ni kumwambia yeye amekwisha.”

Nyumbani kwao ni vyumba viwili. Kitanda kiko sebuleni ili mgonjwa aone dirisha na televisheni bila kugeuzwa. Mchana huu wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, yuko mlangoni tayari kuondoka.

“Nimemgeuza saa nne,” anasema kwa sauti ya chini. “Kidonda kimepanuka, mke wetu. Usijifanye hujaona.”

“Nimeona, wifi.”

Sikio ana mabega mapana na miguu iliyokonda kama ya mtu mwingine. Anawapokea waandishi wa makala haya kwa mkono. “Karibuni. Mnisamehe sisimami, si kiburi.”

Mkewe ananawa, anamlaza ubavu, anaanza kumsafisha mgongo. Kwenye televisheni mtu anasoma bei za mazao.

“Mteja wa leo amelipa?” mume anauliza, uso ukutani.

“Amelipa.”

“Na yule fundi cherehani, nguo yake haiishi tu?”

Kitambaa kinasimama mgongoni.

“Fundi cherehani gani?”

“Mke wangu. Wiki iliyopita mteja alikuwa ng'ambo ya soko, nikasikia cherehani. Juzi alikuwa ghorofani, cherehani. Leo karibu na shule. Na kila dishi mlio unapanda, unasita, ndipo unapanda tena. Hilo limepinda ukingo. Mji mzima umenunua madishi yaliyopinda upande mmoja?”

Mkewe anasuuza kitambaa kwenye beseni. Anakikamua kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

“Umejua tangu lini?”

“Tangu dishi la pili.”

“Miezi mitano unaniambia kushoto, kulia, liinue uso, na unajua?”

“Ulikuwa unapiga simu. Nikaona bora unapiga.”

Mke anaweka dawa, anafunika kidonda, anambandika plasta pande nne. Mikono yake inajua kazi hata yeye akiwa mbali.

“Hiyo karatasi iliyo kwenye mkoba,” mume anasema, “dada amenisomea. Tia saini.”

“Na wewe?”

“Mimi sina tatizo. Nimefanya kazi miaka mingi, acha nipumzike.”

“Unasema uongo.”

“Tumezoea,” anajibu.

Anaomba ageuzwe. Akishageuzwa anaomba televisheni ipunguzwe sauti, kisha ipunguzwe zaidi, mpaka msoma bei za mazao anabaki akichezesha mdomo.

“Ila usinipigie tena kunisikilizisha vyuma,” anasema. “Hata ukinihurumia. Hasa ukinihurumia.”

Bi Dishi anaitikia kwa kichwa. Nje, akimwaga maji ya beseni, anasema makala haya yaandikwe tu kama yalivyo. “Hakuna tena wa kufichwa. Alikuwa mmoja, na ndiye aliyekuwa ananificha mimi.”

Ijumaa alitia saini. Jumamosi alilishusha dishi la nyuma ya duka, na mnunuzi wa vyuma akalipima pamoja na mengine matatu.

Kazi mpya ameianza. Bima, aliambiwa siku ya kusaini, inaanza kufanya kazi baada ya miezi mitatu. Daktari wa zahanati naye alikwishamwambia kwamba kidonda kile si cha kusubiri miezi mitatu. Habari hizo mbili amezibeba pamoja, na hajapata mtu wa kumuuliza ipi inatangulia. Kwa sasa anasafisha mara tatu kwa siku badala ya mbili, na wifi yake analala hapo.

Kampuni iliahidi pia kumvutia intaneti nyumbani bila malipo. Mumewe alisema haina haja. Hakugomba, alisema tu kama mtu anayekataa kuongezewa chai. Tangu siku ile hajauliza mteja ni nani, wala kama ni bati au ukuta.

Mpango wa Bi Dishi ni kuivuka miezi mitatu, ampeleke hospitali kubwa kidonda kikatibiwe, kisha atafute kiti cha magurudumu hata kama ni cha mkono wa pili, atolewe nje aone watu. Hayo anayasema haraka, kama mtu anayesoma orodha ya dukani.

Tumaini lenyewe analitaja mwisho, akijifunga mkanda wa zana. Katika miaka minne, simu zote zilitoka kwake kwenda kitandani. Mumewe hakuwahi kupiga hata moja. Alikuwa akisubiri.

“Namba yangu anayo, na pesa ya simu nimemwekea,” anasema. “Anipigie hata kuniuliza chumvi iko wapi, na wala hapiki.”

Msimamizi wake amemwonya kwamba kwa sheria ya kampuni ni marufuku kupokea simu ukiwa juu ya ngazi, na kwamba amewahi kumfukuza mtu kwa kosa hilo. Bi Dishi alimsikiliza mpaka mwisho. Simu ameiwasha, ameitia mfukoni.

“Sitapokea nikiwa juu,” anasema, na kuweka mguu kwenye kipandio cha kwanza. “Akipiga, nitashuka.”