Jina Lililotupwa Hewani

Priscah alikuwa na kazi iliyomlisha na kumchosha kwa pamoja: kuunganisha simu. Kampuni moja ya kutoa mizigo huko Kilindini ilimkalisha mbele ya swichibodi kutwa nzima, akisikiliza madereva wakigombana na makarani, na wote wakimalizia hasira zao kwake kana kwamba yeye ndiye aliyezuia meli. Akirudi nyumbani Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, hakutaka kitu ila kimya. Na kimya hakukipata, kwa kuwa aliolewa na Kahindi.

Kahindi alikuwa karani wa kuhesabu magunia bandarini, lakini moyo wake ulikuwa kwenye salamu za redio. Alinunua kadi dukani, akazijaza majina ya watu wa Busia, Kitui na Garissa, akazituma, kisha Jumapili baada ya kanisa akakaa na sikio redioni kungoja mtangazaji azisome.

"Watu hawa unawajua?" Priscah alimuuliza siku moja.

"Nawajua. Nao hunisalimu."

"Na dada yako hapo Makupa, umemsalimu lini?"

Kahindi akaongeza sauti ya redio.

Si kwamba Priscah alizichukia redio. Alikumbuka ile ya baba yake kule Kaloleni, aliyoifunika kitambaa usiku isipate baridi, na kuizima mapema ili watu waliomo ndani nao wakalale. Baba yake aliamini hivyo mpaka alipokufa, na hakuna aliyedhurika. Kilichomuudhi Priscah ni imani zenye kuongeza kazi.

Mwaka wa tisini na nne mavyaa yake, Bi Dama, mama yake Kahindi, alikuja kutoka Kaloleni kutibiwa macho, akakaa nao. Binti yao wa kwanza alikuwa amepewa jina lake, kama ilivyo desturi ya Wagiriama, basi nyumbani kukawa na Dama mkubwa na Dama mdogo. Jumapili moja walikuwa wakila wali na samaki, mtangazaji akasoma kadi ya Kahindi: salamu zimfikie mwanawe mpenzi Dama, wa Mji wa Kale, Mombasa. Redio ya majirani wa chini nayo ilikuwa kwenye stesheni hiyo hiyo, jina likaingia mara ya pili kupitia dirishani.

Bi Dama akaweka tonge chini.

"Nani kanitaja?"

"Ni mtoto, mama," Kahindi akasema. "Ni salamu tu."

"Mtoto ana jina la nani? Umelitupa jina langu hewani, kila mwenye jicho baya alidake. Lirudishe."

"Litarudishwaje, mama? Limekwenda nchi nzima."

"Ndilo nililolisema."

Priscah akajaribu kwa upole. "Mama, si ulibatizwa?"

"Nilibatizwa, mwanangu. Sikupumbazwa."

Kesho yake goti la Bi Dama likavimba. Goti hilo lilikuwa likivimba tangu Priscah hajaolewa, lakini neno kama hilo mkwe haambiwi. Bi Dama akachukua mkeka wake, akahamia barazani, akaapa kwamba hatakula chini ya paa moja na redio. Sasa Priscah akitoka kazini alipika jikoni, akabeba sahani ya mavyaa mpaka nje, akarudi kumpakulia mumewe, akatoka tena kupeleka maji ya kunawa.

Bwana Taib, mwenye nyumba, alipita akasimama.

"Shikamoo, Bi Dama. Jina likitajwa kwa kheri ni dua hiyo," akasema. Kisha akamgeukia Priscah. "Ila zile sahani za televisheni, mwanangu, juu ya paa langu siziruhusu. Zinavuta radi."

Priscah alikuwa na sahani mbili mkononi. Kila mtu mtaani alikuwa na maoni, na hakuna aliyejitolea kuosha hata kijiko.

Jumamosi akaja mgeni, mwanamume mrefu mwenye kuku kwapani, akiuliza nyumba hadi nyumba kwa Kahindi mwenye binti aitwaye Dama. Alikuwa Odera, aliyekuja na lori la mahindi kutoka Kisumu. Yeye na Kahindi walikuwa wakisalimiana redioni kwa miaka na hawajaonana.

"Mnaona?" Bi Dama akasema kwa utulivu wa kutisha. "Mtu asiyetujua kaja na jina langu mdomoni."

Kahindi alimkumbatia Odera kama ndugu wa tumbo moja. Priscah alimpokea kuku, akamtazama, kuku naye akamtazama. Siku yake ya mapumziko ikaisha hapo.

Walipokuwa wakila barazani, kwa heshima ya Bi Dama, Odera aliambiwa kisa chote. Hakucheka.

"Mama yangu ni vivyo hivyo," akasema. "Ndiyo maana redioni mimi si Odera. Mimi ni Simba wa Nyakach. Atakayemloga Simba, na amtafute simba."

Bi Dama akatafuna, akafikiri. "Na hiyo sauti inafika Malindi?"

"Inafika, mama."

Usiku ule Bi Dama aliingia ndani na mkeka wake. Asubuhi alimwita Priscah, si Kahindi, kwa kuwa mwandiko wa Priscah ulisomeka. Alitaka kadi itumwe kwa dada yake wa Malindi, aliyekosana naye kwa sababu ya leso. Mtumaji awe Nyuki wa Kaloleni. Ujumbe: aliyechukua leso yangu anajijua, nami bado nipo.

"Mama, hizi ni salamu."

"Anza kwa kumsalimu, basi."

Priscah akaandika. Kadi ilisomwa mwezi uliofuata, na Bi Dama alilalamika kwamba mtangazaji alisoma neno leso kwa unyonge.

"Na dada yako atajibu?" Priscah akauliza. "Ana redio?"

"Hana."

Priscah alikaa kitako sakafuni. "Sasa tumetuma ya nini, mama?"

"Majirani zake wanazo."

Toka siku hiyo walikuwa wawili wa kutuma kadi, Kahindi kwa jina lake na Nyuki kwa la kwake. Priscah aliomba kazini apangiwe zamu za Jumapili. Huko angalau, mtu akizidisha maneno, alichomoa waya.