Safiya na Mafuta ya Transfoma Yaliyoingia Jikoni Kabondo

Saa mbili asubuhi, katika karakana moja ya umeme mtaani Kabondo, Safiya Feruzi anamimina mafuta ya transfoma kwenye kikombe cha kioo chenye vifundo viwili vya shaba. Anakifunika, anapandisha umeme polepole, anasubiri cheche iruke kati ya vifundo hivyo. Ikiruka mapema, mafuta yana maji. Leo inachelewa hadi volti elfu hamsini na mbili.

"Hii iko muzuri," anasema. "Inaweza kurudi kazini."

Safiya, mwenye miaka arobaini na minne, ameifanya kazi hii kwa miaka kumi na sita. Mafuta hayo huipoza transfoma na kuzuia umeme kuruka ndani yake. Yakichoka huyapasha moto, huyachuja, kisha huyachanganya na mapya.

Anachokiogopa ni transfoma za zamani. Baadhi zilijazwa mchanganyiko wenye sumu inayodhuru ini na isiyotoka mwilini upesi.

Machi mwaka huu, transfoma kuukuu karibu na soko ilianza kuvuja, na watu wakakinga madumu. Siku tatu baadaye Safiya alipita kwa jirani yake Kaswera, anayekaanga mikate ya kuuza, akaitambua harufu ya mafuta ya transfoma. Asha, binti wa Safiya mwenyewe, alikuwa amekula mikate ile kila asubuhi.

"Mama Asha, hii mafuta haitoke moshi, na haiishe mbio," Kaswera alimweleza.

"Zima moto kwanza," Safiya akamjibu.

Alijaza kichupa, akakimbilia karakana. Kaswera alimfuata, aproni ingali kiunoni. Mkuu wa karakana, Papa Ambroise, alikuwa amebakiwa na kipimo kimoja cha sumu: maji yake yakigeuka manjano, sumu ipo, yakibaki zambarau, haipo.

Yalibaki zambarau.

Kaswera aliketi sakafuni, akalia kimya. "Nilikuwa nishahesabu batoto yote ya avenue yetu," anakumbuka, akimaanisha watoto wa mtaa waliokula mikate yake.

"Bon, sumu haiko," Papa Ambroise aliwaambia, "lakini hii si ya kukula."

Watoto wachache waliumwa tumbo, wakapona. Kaswera alipeleka karakanani lita zote zilizobaki. Sasa kila Jumamosi huongozana na Safiya kwa wakaangaji wenzake, akiwanusisha kichupa ili waijue harufu ile.

Safiya ameshapima transfoma kumi na moja kati ya thelathini na moja kuukuu za Kabondo. Mbili zilikuwa na sumu. Zimezungushiwa uzio na kupakwa rangi nyekundu.

"Toka tulizungushia zile mbili ninalala muzuri kidogo," anasema akifuta mikono. "Zimebakia makumi mbili. Zikiisha, nitavuka mto, nianze Lubunga."