Na Huyu Ni Nani, Mama?

Kila asubuhi, baada ya uji, Gaceri alivuta kiti mbele ya Qabale akamuuliza maswali yaleyale. Leo ni siku gani? Hapa tuko wapi? Qabale alitabasamu kwa adabu, akakosa yote mawili. Ndipo muuguzi huyo alipomwonyesha mwanamume wa mguu mmoja aliyeketi kando yake.

"Na huyu ni nani, mama?"

"Lotukoi," alisema Qabale bila kusita.

Basi Lotukoi alivimba kichwa mpaka jioni. Katika makao yale ya wagonjwa, nyuma ya mtaa wa Wabera mjini Isiolo, hakuna aliyesalimika na majigambo yake: mama huyu amesahau mji na mwaka, lakini jina langu hajaliacha.

Qabale hakuwa mzee. Alikuwa Mborana aliyemlea binti yake kwa kuuza maziwa ya ngamia sokoni Isiolo, na wateja walimsifu kwa jinsi alivyofukiza mitungi yake kwa moshi mpaka maziwa yakanukia. Alipofika miaka hamsini na mbili akaanza kumimina maziwa ya asubuhi juu ya yaliyoganda, akauza hivyohivyo, akagombana na wateja waliorudi kulalamika. Siku moja akapotea kati ya soko na nyumbani, njia aliyoipita maisha yake yote. Daktari aliuita ugonjwa wake Alzaima. Ikra, binti yake, alijaribu kumtunza akashindwa, akamleta hapa huku akilia.

Lotukoi yeye aliletwa na mguu. Alikuwa Mturkana wa Oldonyiro, mpakiaji wa ng'ombe kwenye malori, hadi lori moja lilipopinduka naye. Mke hakuwahi kuoa. Kwao mwanamume hahesabiwi kuwa mume wa mtu mpaka mahari ya mifugo itoke, na kila alipokaribia, ukame ulimtangulia. Alikuwa amekwisha kujizoeza kufa hivyo, na alipowaambia watu kwamba hajali, alikuwa akisema uongo.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wapishi ndio walioona kwanza, maana Qabale alikataa kula mpaka Lotukoi afike na magongo yake. Naye Lotukoi alimchongea kigoda, akamfundisha kila siku njia ya kwenda chooni, na kila siku akaifundisha upya bila kununa, yeye aliyewahi kupigana na watu kwa sababu ya kamba ya ng'ombe. Hofu yake ilikuwa moja tu: kwamba iko asubuhi ataulizwa mama huyu, na jina halitakuja.

Alimwomba Ikra ruhusa ya kumwoa mama yake. Ikra akamwita mjomba wake, Yattani, aliyekuja na maneno mazuri na jibu baya.

"Wewe ni mtu mzuri, mzee. Lakini sisi ni Waislamu, na wewe ni mtu wa kanisa. Hata hiyo tuweke kando. Mtu mgonjwa wa akili anakubali ndoa namna gani? Nani atasikia ndiyo yake?"

Lotukoi alichukua magongo yake akaondoka. Qabale alikuwa ameketi palepale, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Wiki ile Ikra alileta buni, na mama yake akaruhusiwa kuipika jikoni. Mikono ya Qabale ilikuwa bado inakumbuka yale ambayo kichwa kimeacha. Alizikaanga zile punje katika samli, akamimina maziwa, akapakua kikombe cha kwanza akampa Lotukoi kwa mikono miwili.

"Sasa nyumba iko na mwenyewe," alisema.

Lotukoi alicheka akanywa. Alidhani ni ugonjwa unaozungumza, maana nyumba gani?

Kesho yake Gaceri akavuta kiti. "Na huyu ni nani, mama?"

Qabale aliinamisha macho. Akavuta mtandio mpaka ukafunika mdomo, na kimya.

"Mama, huyu hapa. Nani?"

Kimya. Na kesho yake tena, na siku zilizofuata. Gaceri alimshika Lotukoi bega akamwambia ajikaze, ugonjwa huu ndio ulivyo. Lotukoi hakujikaza. Alikwenda nyuma ya matangi ya maji akalia, na tangu hapo akawa anaketi mbali wakati wa uji, kwa sababu hakutaka Qabale aulizwe tena yeye akiwapo. Qabale alimtafuta kwa macho, akaacha uji upoe. Hakuna aliyejua anachotafuta.

Usilolijua ni kama usiku wa giza. Qabale alipopatwa na homa akalazwa, Ikra alikuja, akamkuta Lotukoi mlangoni.

"Mama yako amenisahau," alimwambia. "Akiulizwa jina yangu anafunika mdomo tu."

Ikra alimgeukia. "Anafunika mdomo? Na anaangalia chini?"

"Ndiyo."

"Mzee," alisema Ikra. "Kwetu bibi hataji jina la bwana yake. Nyanya yangu hakuwahi kutaja ya babu. Wanasema baba ya fulani, na nyinyi hamna mtoto, kwa hivyo hana namna ya kukuita. Na kikombe cha kwanza cha buni kwetu bibi anampa bwana yake. Hajakusahau. Ameolewa na wewe moyoni."

Lotukoi alikaa chini palepale kwenye sakafu. Maisha yake yote alingoja kuwa mume wa mtu, na kumbe alikuwa mume siku zote hizo akiwa amejificha nyuma ya matangi.

Homa iliposhuka, Qabale alirudishwa kwenye kiti chake. Asubuhi hiyo Lotukoi alivaa shati la Jumapili, akaketi karibu naye kabisa. Aliomba kimoyomoyo Qabale anyamaze. Gaceri akauliza siku, akauliza mahali, kisha akamwonyesha.

"Na huyu ni nani, mama?"

Qabale alimtazama usoni, kwa upole, kama anavyotazamwa jirani mwema. Mtandio ulibaki mabegani.

"Lotukoi," alisema.

Gaceri alipiga makofi. "Amekumbuka! Mzee, amekukumbuka!" Wapishi nao walitoka jikoni wakapiga makofi, na Lotukoi akajaribu kucheka nao, akashindwa.

"Pole, Lotukoi," Qabale alimwambia, akimfuta chozi kwa ncha ya mtandio. "Kwani hauna bibi wa kukuangalia?"

"Niko naye," alisema Lotukoi.